Chetezo cha Mama, Pumzi ya Baba

Baba yangu, Amur, amegombana na kila moshi wa mtaa wetu wa Bwiza isipokuwa ule unaotoka chumbani kwake. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili mtu asinihukumu mapema, akadhani mimi ni binti asiye na heshima. Heshima ninayo. Kilichoniishia ni subira.

Ana miaka sitini na sita. Kutwa anauza spea za baiskeli katika duka aliloachiwa na baba yake, ambaye naye aliachiwa na babu yake, Mwarabu wa Oman aliyevuka ziwa kutoka Kigoma akiwa na mizigo miwili na hasira nyingi. Mizigo iliisha zamani. Hasira bado tunagawana. Dukani mna minyororo, spoku, chubu, pedeli, na pampu zilizotundikwa ukutani. Lakini ukija Bwiza ukamuulizia Amur wa spea, watu watakukodolea macho. Muulizie Amur wa adhana, na hata mlevi aliyesinzia mlangoni pa baa atakunyooshea kidole.

Miaka thelathini na miwili ameadhini katika msikiti mdogo ulio hatua mia moja kutoka mlango wetu. Majirani wetu wengi ni Wakristo, nao wanamtumia kama saa: maharage yanatelekwa kwa adhuhuri yake, watoto wanaitwa ndani kwa magharibi yake. Na kila mtu anaijua ile sehemu ya karibu na mwisho, "Hayya alal falah", ambayo baba alikuwa akiivuta kwa pumzi moja, ikipanda, ikikaa juu, ikishuka taratibu. Mama yangu, Sheikha, popote alipo nyumbani, akiisikia anasimama, anashika pumzi yake pamoja naye, mwiko mkononi, aone nani atamaliza wa kwanza. Siku zote anashindwa yeye, na siku zote anacheka.

Mama anasema aliolewa na ile pumzi. Alikuwa amekuja mtaani kumtembelea shangazi yake.

"Sauti njo nilisikia kwanza," husema, kwa Kiswahili chetu cha Bwiza ambacho "ndiyo" yake ni "njo". "Uso niliona kisha. Nikasema, bon, si mubaya sana."

Basi pumzi hiyo ndiyo iliyoanza kukatika. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuisimulia, ingawa kila nikiianza damu inanichemka.

Mimi nauza dawa. Duka la dawa ninalofanyia kazi liko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, na kalenda yangu naisoma kwenye rafu. Mvua zikinyesha nauza dawa za malaria na za tumbo. Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni, nauza dawa za kifua mpaka rafu zinabaki tupu. Wateja hawajiulizi. Wanasema ni baridi ya asubuhi, ni mafua yanayozunguka, ni vumbi tu. Ukitoka nje ukatazama magharibi, milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa, ambayo mwezi wa Aprili unaweza kuyahesabu mabonde yake, mwezi wa Julai haipo. Kati yetu na milima pametanda kitu cha rangi ya chai ya maziwa, nacho ndicho tunachokivuta.

Kinatoka wapi? Kinatoka kwetu wenyewe. Kila ua una jiko la makaa, na wengine wanaliwasha kwa vipande vya plastiki kwa sababu wana haraka. Magari yaliyozeekea ng'ambo yanaletwa kufia hapa. Taka zinachomwa, nyasi za vilimani zinachomwa, matofali yanachomwa. Wiki ambayo petroli inaadimika hewa inatengenea kidogo, na hakuna hata mmoja anayefurahi. Mvua ya kuuosha moshi hakuna. Upepo wa ziwa unaupeleka mlimani mchana, na jioni unaurudisha kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Baba alianza kukohoa mwaka juzi. Kwanza kilikuwa kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kushika maikrofoni. Kisha "Hayya alal falah" ikafupika. Kisha akaanza kuivuta kwa pumzi mbili na kujifanya ni mtindo.

"Kule Makka njo wanafanyaka hivi," akatuambia mezani.

Hajawahi kufika Makka.

Ikabidi atafutwe wa kulaumiwa, na wa kwanza alikuwa Méthode. Méthode anachoma brosheti, mishikaki ya mbuzi, upande wa pili wa ukuta wetu. Ni mtu mpole, mnene, macho mekundu kwa kazi yake. Jioni moja baba alimwendea amevaa kanzu, fimbo mkononi, nami nyuma yake nikiona aibu mapema.

"Méthode, moshi yako inaingia mu kifua yangu."

"Muzee Amur, moshi haina mwenyewe. Inaendaka kwenye upepo inataka."

"Basi mwambie upepo."

"Ego, ndiyo muzee. Nikiipata nitaiambia."

Walisemezana hivyo viangazi viwili. Katikati ya ugomvi wao, Méthode alikuwa akitutumia ndizi za kuchoma, ndizi tu, kwa sababu anajua nyama isiyo ya halali hatuli. Baba alizila zote huku akiulaani moshi uliozichoma.

Wa pili alikuwa Zénon, shefu, yaani mkuu wa mtaa wetu. Jumamosi asubuhi kila mtu anatoka kwa kazi za pamoja: tunafagia, tunafyeka, tunazibua mitaro. Jambo zuri, silikatai. Lakini tukimaliza tunakusanya kila kitu mahali pamoja, majani, mifuko, ndala zilizokatika, godoro la mtu, na Zénon anapiga kiberiti. Yaani tunaamka mapema kuuokoa mtaa na uchafu, halafu saa nne tunaugawa uchafu huohuo kwa kila mtu sawasawa, moja kwa moja kifuani. Baba alimkemea Zénon mbele ya umati.

"Muzee, sasa takataka tuiweke wapi?" Zénon akamuuliza. "Tuikule?"

Watu wakacheka. Baba akarudi nyumbani, akala ndizi za Méthode kwa hasira.

Nami niseme kweli: kwa Méthode na kwa Zénon, baba alikuwa na haki. Alikuwa nayo nusu. Nusu nyingine ilikuwa inamngoja nyumbani, imewashwa tayari.

Mama ana chetezo cha shaba alichopewa na mama yake siku ya harusi. Kila siku baada ya alasiri alikuwa akichukua makaa mawili jikoni, anayapuliza mpaka yawe mekundu, anatia ubani na kipande cha udi, kisha anazunguka chumba kwa chumba akinong'ona dua zake. Alhamisi alifudikiza kapu juu ya chetezo na kutandaza juu yake kanzu ya baba ya Ijumaa mpaka kila uzi unukie. Ndivyo alivyofanya mama yake, na bibi yake kabla yake. Kwa mama, nyumba isiyofukizwa ni sawa na mtu aliyeamka asinawe uso.

Moshi wa nje ulipozidi, mama alifanya jambo ambalo ni mwanamke wa nyumba kama yetu tu anayeweza kulifanya kwa moyo safi. Alifunga madirisha yote, akaziba chini ya milango kwa matambara, akawasha udi mara mbili ya kawaida ili kuisafisha hewa. Kikohozi cha baba kilipokataa kusikia, akaongeza tiba. Kila jioni baba aliketi kwenye kigoda, chetezo kati ya miguu yake, blanketi zito juu ya kichwa chake, akajifukiza ubani robo saa nzima. Na mimi nimesimama pale, mtu niliyesomea dawa, nalitazama blanketi linavyokohoa!

"Mama, hiyo ni moshi!"

"Moshi ni ile ya Méthode. Hii ni ubani. Mama yangu aliniponyeshaka nayo."

"Mapafu haina pua, mama. Haijui hii ni ubani, hii ni plastiki."

"Ongea polepole, baba yako anapumua."

Nilimweleza, mara ngapi sijui. Nilimwambia moshi unaouona kwa macho si wote. Ndani yake mna chembe ndogo mno, ndogo mara nyingi kuliko unga wa muhogo uliochekechwa, ambazo pua haizinasi wala koo halizisikii. Zinateremka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa huko. Nyingine zinapenya mpaka kwenye damu, ndiyo maana zinausumbua hata moyo. Na kila kinachoungua kinazitoa, kiwe godoro la Zénon, makaa ya Méthode au udi wa mama. Mama alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikaona maneno hayatoshi. Nilichukua leso mbili nyeupe za baba, nikazilowesha. Moja niliitundika nje, juu ya ukuta wa upande wa Méthode, palepale moshi wake unapopita. Nyingine niliitundika chumbani kwao. Kila asubuhi nilizilowesha tena. Siku ya nne nikazitandaza zote mbili mezani, wakati wa chakula. Ya nje ilikuwa ya kijivu. Ya ndani ilikuwa ya manjano kama iliyochovywa kwenye chai, na pindo zake nyeusi. Nilijua nimeshinda.

Mama alizikusanya. "Itatoka na sabuni," akasema, akaenda nazo kwenye karo.

Nikamgeukia baba, maana anayeumia ni yeye. "Baba, sema kitu. Ni kifua yako."

Baba alikuwa ameutazama mlango tangu nilipoziweka leso mezani. "Mama yako njo anajua mambo ya nyumba yake," akasema, akaomba maji.

Hebu fikiria! Mtu aliyemkemea shefu mbele ya mtaa mzima, akifika kwa chetezo cha ukubwa wa bakuli anakuwa bubu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakujua kwamba kwetu kinafukizwa humo kila Alhamisi. Nilisusa chakula siku ile. Hakuna aliyenibembeleza.

Mwezi wa Juni mwaka huu kamati ya msikiti ilimwita baba. Walikuwa wapole. Walimwambia kwamba Khaled, fundi wa simu mwenye sauti nzuri na adabu nzuri zaidi, anaweza kumsaidia adhana mbili tatu kwa siku. Baba aliwajibu papo hapo, na jibu lenyewe lilifika nyumbani kabla yake: "Siku nitashindwa kumaliza adhana, siku ile mumpe Khaled zote. Kabla ya hapo, apana." Baba akishaahidi jambo harudi nyuma. Basi tangu siku hiyo kila adhana ikawa mtihani, na mimi dukani nilikuwa naacha mteja na chenji mkononi ili nimsikilize mpaka mwisho.

Mwaka huu Ashura iliangukia Jumamosi, siku chache baada ya sikukuu ya uhuru ya Julai mosi. Wengi mtaani walifunga, nasi watatu pia. Asubuhi tulikwenda kwenye kazi za pamoja kama kawaida, na kwa kuwa sherehe zilikuwa zimeacha takataka nyingi, Zénon alipata lundo ambalo sijawahi kuliona. Lilikuwa na magodoro mawili. Liliungua mpaka alasiri. Upepo haukuvuma hata wa kutikisa khanga kwenye kamba, na moshi ukakaa katikati ya nyumba zetu ukingoja jioni. Saa kumi na mbili kasoro baba akajiandaa kutoka. Mama akamwita, kwa jina langu kama siku zote.

"Baba Dalia, kuja kidogo. Nikufukize ya mwisho, upate nguvu."

Na baba akaenda. Akainama chini ya blanketi, na funga yake, ambayo shehe angesema moshi ule umeifungua, na midomo iliyokauka. Nilitoka nje nisije nikasema lisilosemeka.

Ikafika magharibi. Mimi na mama tulikuwa uani, tende mkononi, na ninajua katika nyua zote za waliofunga watu walikuwa wamekaa vivyo hivyo, tende mkononi, masikio kwa baba, maana kwetu hatufungui mpaka adhana iishe. Spika ikakwaruza. "Allahu akbar" zilitoka vizuri. Shahada zikatoka nzito. "Hayya ala swalah" ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya pili nyembamba zaidi. Mama akaanza kushika pumzi. Kisha tukasikia "Hayya alal", na hapo hapo kikohozi.

Mtu akikohoa nyumbani kwake anakohoa peke yake. Baba alikohoa kwenye spika nne zilizoelekezwa pande nne za Bwiza. Alikohoa, akavuta hewa kwa sauti kama pampu isiyoshika valvu, akajaribu tena, akakohoa tena. Kisha kimya. Hata wateja wa Méthode walinyamaza. Hakuna aliyekula, kwa sababu hakuna aliyejua kama tumeshafungua au bado. Mama alikuwa ameigandisha tende karibu na mdomo. Ndipo ikaja sauti ya Khaled, changa, safi, na ikaanza upya tangu mwanzo, "Allahu akbar", kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kutoka.

Mama aliirudisha tende yake sahanini. Alifungua kwa maji tu.

Jumatatu asubuhi niliita teksi. Baba hakubisha, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Dereva alipouliza tunakwenda wapi, kabla sijafungua mdomo baba akasema, "Kinanira, kwa docteur Adélaïde." Nikamtazama. Nilikuwa sijamtajia daktari yeyote.

Daktari Adélaïde ni mwanamke mfupi wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alipomwona baba mlangoni alisimama.

"Muzee Amur! Miaka mbili niko nakungojea."

Sikuelewa. Alimpa baba mrija wa mashine ya kupimia pumzi apulize, mara tatu, na mara zote tatu baba alipuliza macho yakimtoka. Daktari akageuza karatasi tuone. Pumzi yake, akasema, ni nusu ya ile anayotakiwa kuwa nayo mtu wa umri wake.

"Itarudi?" nikauliza.

"Ile imeenda, imeenda. Iliyobaki njo tutalinda." Akaandika dawa ya kuvuta, akavua miwani. "Nilimuambia mwaka juzi. Moshi ya inje, mi naye hatuwezi kuizima sisi wawili. Ya ndani, madame yake anaweza kuizima kesho asubuhi. Udi, ubani, ile kujifukiza, yote. Hakuwaambia?"

Nilimgeukia baba. Baba alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana.

Nje ya kliniki nilisimama. Kutoka Kinanira unauona mji wote chini, au ungeuona, kama si ile chai ya maziwa iliyoufunika mpaka bandarini. Hewa ya huku juu ilikuwa nyepesi. Baba alikuwa anaivuta taratibu, kama mtu anayeonja.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Miaka mbili! Unagombana na Méthode, unagombana na Zénon, unaniacha natundika maleso kama mwendawazimu, na we unajua?"

"Ongea polepole."

"Sitaongea polepole!"

Alikaa kwenye jiwe kando ya ukuta. "Mama yako nilimuahidi mambo mingi, Dalia. Nilimuambia tutajenga huku Kinanira. Nilimuambia tutaenda Makka sisi wawili. Hakuona hata moja, na hakuniulizaka hata siku moja. Ile chetezo njo kitu ananifanyia na anaona inasaidia. Jioni anafungua blanketi, ananiuliza, 'Umesikia afueni?' Namuambia ndiyo. Uso yake inafunguka. Sasa we ungetaka niseme nini?"

"Useme apana!"

"Ni neno fupi," akasema baba. "Jaribu kumuambia mutu mwenye anakufunika blanketi."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumchapa kwa fimbo yake mwenyewe. Nililia kwa hasira mbele ya dereva wa teksi, ambaye aliwasha redio ili asinisikie. Njiani baba aliniomba nisimwambie mama. Nilimwapia sitamwambia, na nilimwambia mama kabla baba hajamaliza kuvua viatu.

Mama alikuwa tayari amewasha chetezo, ingawa alasiri ilikuwa bado. Alisimama katikati ya chumba, chetezo mkononi, moshi ukimpanda usoni, akanisikiliza mpaka mwisho. Mara hii hakuniuliza kama nimekula. Alimtazama baba.

"Ni kweli?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

Mama akachukua kata ya maji akaimwaga juu ya makaa. Chumba kikajaa moshi na mvuke, tukakohoa wote watatu, na nani angeamini, nilitaka kucheka. Mama hakucheka.

"Miaka mbili," akamwambia baba. "Unakaa ndani ya blanketi yangu, unavuta, unatoka unasema asante. Ungeniambia siku moja tu. Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningenyamaza, ya ine ningekupikia. Sasa nitanyamaza namna gani, Amur? Umeniacha nikukate pumzi na mikono yangu, na mi nilikuwa nafurahi."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Baba akakaa kitandani. Nami niliyejiona nina haki tangu mwanzo nilitamani ningekuwa nimekosea.

Hasira ya mama ilikaa ndani siku tano. Jumamosi ikatoka. Tulifagia, tukazibua mitaro, Zénon akakusanya lundo lake, akatoa kiberiti. Mama akapita katikati ya watu na ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya lundo na juu ya viatu vya Zénon.

"Mama Sheikha! Hii ni kazi ya usafi!"

"Usafi gani inakaa mu mapafu ya watu? Mi nilizima yangu. Na we uzime yako."

Zénon aliangalia viatu vyake. Méthode, aliyekuwa na koleo, aligeuka upande akicheka kwa mabega. Siku ile lundo halikuwaka kwa sababu lilikuwa limelowa, na Jumamosi zilizofuata halikuwaka kwa sababu mama alikuwa anakaa karibu nalo kwenye kigoda, ndoo miguuni. Sasa linabebwa kwa mkokoteni. Msidhani tumeuokoa mji. Mtaa wa pili wanachoma bado, na wa tatu pia. Méthode naye, bila kuombwa, aliliondoa jiko lake ukutani kwetu akalihamishia upande wa pili wa ua, na sasa anagombana na jirani wa huko. Mji huu utaniua kwa moyo kabla ya mapafu.

Mvua zimeanza. Milima ya Uvira imerudi mahali pake. Chetezo kiko juu ya kabati, mama anawekea humo pini za mitandio. Baba anavuta dawa yake asubuhi na jioni, na anapanda ngazi za duka bila kusimama. Ahadi aliitimiza: adhana zote tano ni za Khaled. Lakini Khaled aliiambia kamati kwamba ikama, ule mwito mfupi wa ndani unaosemwa swala inaposimama, hataishika maadamu Mzee Amur anaweza kusimama. Ikama inasemwa haraka, kwa sauti ya kawaida. Pumzi aliyobaki nayo baba inaitosha.

Siku ya kwanza mama alikuwa anakaanga samaki. Adhana ya Khaled ilipita, hakuinua kichwa. Baada ya muda akaondoa kikaango motoni, akaja kusimama mlangoni karibu nami, mwiko mkononi.

"Sasa njo anasema?"

"Njo anasema, mama."

"Sisikii kitu."

"Ikama haipandaki mu spika."

Alilaza kichwa upande wa msikiti. Ni hatua mia moja tu. Pikipiki ikapita, mtoto akalia kwa jirani, makaa ya Méthode yakapasuka.

"Amefika wapi?"

Nilikuwa nahesabu kichwani. "Yuko karibu na 'Hayya alal falah'."

Mama akavuta pumzi, ndefu, akaishika. Alisimama hivyo, mwiko mkononi, macho yake kwangu, akingoja nimwambie baba amemaliza, na mimi sikuwa na njia ya kujua.